Chujio Lenye Boksi

Miezi michache baada ya talaka, Zaituni alimwomba Badi waonane kwenye duka la vipuri, maana yeye ndiye aliyeijua injini. Gari lile waliliunda pamoja uani, kipande kwa kipande, na walipoachana Badi alimwachia. Lilikuwa limebakiza chujio la hewa tu ili liweze kuingia barabarani.

Muuzaji aliweka mawili juu ya kaunta. Moja lilikuwa wazi, la kuvuta hewa kwa kishindo. Jingine lilifungwa ndani ya boksi lake la plastiki la kuzima mvumo, na halikuwa na makelele. Zaituni alikuwa amekuja kwa ajili ya lile la kishindo.

"Chukua hili," Badi alisema, akimsogezea hilo hilo. "Ukipita karibu na kwangu, nitajua ni wewe."

Zaituni alilisukuma upande wa muuzaji.

"Nipe la boksi," akamwambia muuzaji.

Badi alikwenda naye hadi uani akamfungia, akakaza skrubu, akaaga.

Jioni Zaituni alilitoa gari kwa mara ya kwanza. Alipofika njia panda ya kwenda kwa Badi, alisimama. Injini ilinguruma chini kwa chini, hata akasikia vyombo vikioshwa katika nyumba ya kando ya barabara. Akaweka mkono kwenye indiketa, asiiwashe.