Mazoezi ya Chumba cha Kufulia

Fundi cherehani aliposukuma mlango wa chumba cha kufulia, alimkuta mama yake, mwenye miaka sitini na minne, amembeba msichana mabegani kama gunia, na wengine wawili wamemng'ang'ania miguuni.

"Kumi na saba! Kumi na nane!" walihesabu wale wa chini.

"Mama!"

Mama yake alimtua msichana taratibu juu ya godoro kuukuu, akajifuta jasho kwa taulo. "Nawaonyesha tu, mwanangu. Mtoto huwezi kumfundisha kwa mdomo."

Fundi hakucheka. Miezi mitano nyuma mama yake alianguka bafuni, akalala sakafuni kutwa nzima mpaka jirani aliposikia. Tangu hapo alipigwa marufuku: asinyanyue sufuria, asipande ngazi, asiiname. Akawa mtu wa dirishani, anatazama magari yanapita, na kila siku anazidi kunywea.

Ndipo mjukuu wake, Kijiti, binti wa fundi, alipoleta habari kwamba kocha wao wa mieleka amehama na wasichana watatu, yeye mmojawapo, wamebaki yatima. "Bibi aje tu akae, awe mtu mzima wa kutusimamia." Fundi aliona kukaa hakuvunji nyonga. Akakubali.

Kumbe alikuwa amemwachia samaki maji. Bibi alikuwa dobi kwa miaka thelathini, na dobi aliyemrithi kazi aliwaachia chumba kila alasiri. Vyuma vya kunyanyua hawakuwa navyo. Walikuwa na mablanketi. Waliyaloweka, Bibi akashika ncha moja, wao watatu ncha ya pili, wakayasokota mpaka yakalia. Walisukuma kikapu cha mashuka mabichi kutoka ukuta hadi ukuta, huku Tofali, mnene wao, amekaa juu yake kama malkia. Walipita kwa magoti chini ya kamba za kuanikia. Aliyegusa shuka alibebwa, na aliyecheka aliangushwa. Kwa kuwa wote walicheka, wote waliangushwa.

Fundi akaanza kupita kila siku kukagua. Siku moja alimsikia mama yake akifoka kutoka ndani:

"Sukuma, Tofali! Usinionee huruma! Kwani mpinzani atanihurumia?"

"Atakuhurumia," fundi alimsahihisha akiwa mlangoni. "Si unamwambia yeye?"

"Ndiyo, hiyo hiyo."

Wasichana watatu waliziba midomo kwa taulo.

Nyumbani Bibi aliacha sukari kwenye chai. Sahani ya mkate ikipita, aliisindikiza kwa macho tu. "Kocha lazima awe mfano," alisema. Asubuhi moja fundi aliwakuta chumbani, Bibi amesimama juu ya mizani, Kijiti amechuchumaa na daftari.

"Bado kilo moja," alisema Kijiti.

"Ya nani?" fundi aliuliza.

"Ya... Tofali."

"Tofali mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko njiani, Mama."

Fundi alitaka kukasirika, hasira ikakataa kuja. Mama yake alikuwa akipanda ngazi mbili mbili, tena anaimba.

Siku ya mashindano ukumbi ulijaa mpaka madirishani, ukinuka dawa ya misuli. Msichana wa tatu, aliyeitwa Kimya kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akizungumza, alimlaza mpinzani wake chali kabla watu hawajakaa. "Nimeshinda?" akauliza, na hapo ndipo fundi alipoijua sauti yake. Tofali aliangushwa ndani ya dakika moja, akainuka akicheka hadi mwamuzi naye akashindwa kujizuia. Kijiti alibanwa, akabanwa tena, akachomoka kama sabuni na kumgeuza mpinzani wake sekunde ya mwisho.

Fundi alipanda juu ya kiti. Alipiga vigelegele hadi sauti ikakauka, machozi yakimtiririka, akimkumbatia mtu asiyemjua.

"Mama! Umeona? Kazi yako hiyo!"

"Nishikie hiki, mwanangu," mama yake alimjibu, akamtia kitu kiganjani. Kilikuwa na joto, tena kimelowa.

Fundi akatazama. Meno ya bandia.

"Fainali ya mwisho!" kipaza sauti kilinguruma. "Wanawake, miaka sitini na zaidi!"

Ng'ambo ya mkeka, mwalimu mkuu mmoja mstaafu alikuwa ameshaanza kurukaruka, akitunisha shingo. Upande wa huku Kijiti alikuwa amepiga magoti, medali shingoni, taulo begani, Tofali kushoto kwake na Kimya kulia.

"Kunja magoti, Bibi!" alipaza sauti. "Kama tulivyokufundisha!"