Zimwi Aliyevua Kengele

Pikipiki zilisimama nje ya boma, kila moja imebeba vijana wawili au watatu, wote wana fimbo.

Restuta hakunyanyuka. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mgongo ameuegemeza kwenye miti ya lango la zizi. Nyuma yake, mahali pa ng'ombe, zimwi alikuwa amejikunja, mikono imefungwa kamba ya katani. Kamba ile angeweza kuikata kwa kujinyoosha tu. Hakuwa amejinyoosha.

"Shikamoo, mama," alisema kijana wa mbele. Aliitwa Mudrick, jina lake lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye madigadi ya pikipiki.

"Marahaba."

"Tumetoka Chamwino. Tumeona picha kwenye kundi la WhatsApp, tukasema tuje tuwasaidie."

Restuta hakuuliza msaada gani. Picha hiyo kijiji kizima cha Hombolo kilikuwa kimeiona: zimwi anapanda kutoka bwawani, maji yanamchuruzika, mtoto amelala mikononi mwake, miguu inaning'inia. Shingoni mwa zimwi hakuna kengele.

Zimwi akikutwa hana kengele hukamatwa, hata kama hajagusa kuku wa mtu. Sheria hiyo ilikuwapo kabla bibi zao hawajazaliwa.

"Tunaomba lango, mama."

"Polisi wako njiani."

"Polisi!" Vijana wakacheka. "Kwani wewe ndiye mtendaji wa kijiji?"

"Hapana."

"Basi huyu wa shirika," alisema mmoja. "Wale wa semina. Haki za mazimwi, chai na sambusa."

Ndani ya zizi zimwi aliinamisha kichwa zaidi.

"Anaitwa Elisante," alisema Restuta. "Anabeba mawe kule machimboni."

"Zimwi anaitwa Elisante? Walimbatizia wapi, kwenye tenki la maji?"

Mudrick hakucheka. Alichuchumaa mbele ya Restuta, fimbo ameilaza magotini, kama mtu aliyezoea kusuluhisha ugomvi kijiweni.

"Mama, unataka kusema hakumuua yule mtoto?"

"Sisemi hivyo."

"Kwa hiyo alimuua."

"Hilo nalo sisemi. Yeye anasema alimkuta majini. Kengele zao ni chuma kitupu, huwezi kuogelea nayo. Labda aliivua aingie majini. Labda aliivua ili asisikike akija. Mimi sikuwepo. Na wewe hukuwepo."

"Babu yake baba yangu aliliwa na mazimwi."

"Pole. Ni huyu aliyemla?"

"Angekuwa huyu angekuwa na miaka mingapi?"

"Ndiyo nakuuliza."

Hasira ilimpanda Mudrick. Wenzake walikuwa wanasikiliza.

"Mama, umewahi kuzaa?"

"Nimezaa."

"Wangapi?"

"Mmoja."

"Basi hebu fikiria huyo wako mmoja ndiye amelazwa humo ndani, amefunikwa kitenge. Ungekaa hapa kumtetea zimwi?"

"Nimefikiria," alisema Restuta. Sauti ilimtoka kidogo, imechakaa.

Anjelina, jirani, alitoka ndani ya nyumba na kikombe cha uji. Aliwapita vijana kama vile hawakuwapo.

"Kunywa hata funda moja, dada."

"Weka hapo."

"Wanaume wanakaribia kumaliza kuchimba kaburi. Ingia ndani upumzike kidogo, mimi nitakaa."

"Polisi wakifika nitaingia."

Anjelina aliweka kikombe chini, kando ya vingine viwili ambavyo uji wake ulikuwa umeshafanya utando. Akarudi ndani. Mlango ulipofunguka, kilio kilitoka, ulipofungwa, kikapungua.

Mudrick alisimama.

"Mama, mimi nakuheshimu. Lakini hatukuja kwa ajili yako. Tumekuja kwa ajili ya mama wa mtoto. Mwenye uchungu ni yeye, mwenye neno ni yeye. Akisema tuondoke, tunawasha pikipiki tunaondoka. Akisema tumtoe huyu, utatupisha. Sawa?"

Restuta alitupia jicho mlango wa nyumba.

"Sawa. Nitawapisha."

"Mmesikia?" Mudrick aliwageukia wenzake.

"Tumesikia!"

"Ila fimbo haziingii ndani," alisema Restuta. "Na wewe, mwanangu, umefika kwenye msiba ukaanzia zizini. Hata pole hujatoa."

Uso wa Mudrick ulibadilika. Mama yake mzazi angesikia, angemchapa kofi mbele za watu, mtu mzima vile alivyo. Aliegemeza fimbo kwenye ukuta, akavua kofia, akavua ndala mlangoni.

Ndani palikuwa na joto la watu wengi. Wanawake walikuwa wamekaa mikekani, wamejifunga kanga vichwani, na katikati yao alilala mtoto, mfupi mno chini ya kile kitenge. Mudrick alipita ameinama, akishika mkono mmoja baada ya mwingine. Pole, mama. Poleni sana. Mwenyezi Mungu awatie nguvu. Alipofika kichwani pa marehemu, mahali pa mfiwa, alimkuta mwanamke amekaa, kanga imemfunika hadi machoni. Akapiga magoti, akaushika mkono wake kwa mikono yake yote miwili.

"Pole sana, mama. Tuko vijana hapo nje. Tumekuja kusikia neno lako. Yule zimwi tumfanyeje?"

Kanga ilishuka taratibu. Uso uliotokeza ulikuwa wa bikizee.

"Mimi ni bibi yake, mjukuu wangu," alisema. "Mama yake amekataa kukaa mkekani. Tangu alfajiri yuko pale kwenye lango la zizi."