Shanta la Baba

Kwa unyenyekevu mkubwa nakiri: mawe matatu yaliyokuwa ndani ya shanta la baba, chini ya hema lililokunjwa, niliyatia mimi. Baba ni mpagazi. Miaka ishirini amewabebea wageni mizigo milimani. Nilikuwa likizo kutoka shule ya bweni, tukatoka wawili kutembea; nilitaka tukifika bondeni kulala ayatoe, tucheke.

Njiani alipumzika mara tisa. Mikanda ilimchora mabegani mistari miwili iliyovimba kama ya fimbo.

"Vipi, mzee, injini imechemka?" nilimtania.

"Nyamaza, kuku wa bweni wewe."

Bondeni palikuwa kimya kabisa. Hakufungua shanta. Aliketi juu ya gogo, akatoa simu, akampigia bosi wake.

"Bosi, msimu huu nafasi yangu mpe mwingine. Leo nimevuka kilima kimoja tu na mwanangu, nimejionea mwenyewe. Miguu imekwisha."

Nikaruka. "Baba, ngoja! Kuna mawe humo, ni mimi niliye..."

Akaniinulia kiganja ninyamaze. Katika ukimya ule, sauti ya bosi ikatoka simuni wazi kabisa.

"Afadhali umesema mwenyewe, mzee. Tulikuwa tunaona haya kukuambia."