Ushahidi wa Baba Anjelina

Siku ya tatu Modesti hakuwasha redio hata moja, na nyumbani kwake zilikuwa kumi na nne.

Zote alizitengeneza mwenyewe, na hakuuza hata moja. Alichonga kasha la mninga, akapanga vikorokoro vyake ndani, akatega sikio mpaka sauti ya nchi ya mbali itoke ikikwaruza. Hiyo ndiyo ilikuwa pombe yake. Rutamba nzima ilijua kwamba mzee huyu akitoka kwenye mikorosho hapiti kilabuni, anakwenda kwenye nyaya zake.

Mkewe Theresia alikuwa na kitendawili cha kumchoma. Nina mke mwenzangu, anasema mchana kutwa, ugali wangu haonji. Modesti alizoea kucheka. Siku hizo tatu Theresia alikitega tena, na hakuna aliyecheka.

Maana binti yao alikuwa ameshikwa ng'ambo kwa ajili ya redio.

Anjelina alikuwa kule mwaka wa tatu, akisomea uuguzi kwa ufadhili. Vifaa vya madukani Lindi baba yake hakuviamini, basi akawa anamwagiza yeye. Mwezi wa pili binti alituma kifurushi chenye betri nne bapa. Kikarudishwa mlangoni kwake na karatasi ya njano: betri za namna hiyo hazisafirishwi kwa posta ya ndege, zinaweza kulipuka moto huko angani. Na jina lake likaandikwa kitabuni.

Modesti alipopata habari akamwandikia kwenye simu kwamba betri aachane nazo. Atume tu ule waya laini wa madini, ule ambao mafundi huuyeyusha kwa moto kushikizia vyuma, na saa moja ndogo ili redio iweze kujiwasha yenyewe alfajiri. Anjelina, mtoto msikivu, akatuma.

Safari hii mashine ya ukaguzi haikuona betri. Iliona saa, nyaya, na donge zito la madini lililoviringishwa. Halafu wakaliona jina.

Wakamnyang'anya pasi, wakamweka kwenye chumba chenye mlinzi mlangoni. Mtihani wake wa mwisho ulikuwa Ijumaa. Asipoufanya, ufadhili umekatika, na miaka mitatu imekwenda na maji.

Theresia hakulia. Alikaa barazani akimenya mihogo, na iliyokwisha kumenywa akaimenya tena.

"Wenzako wanacheza bao, baba Anje," alisema bila kuinua uso. "Umesikia lini bao limemfunga mtoto wa mtu?"

Modesti aliinuka. Alikwenda nyuma ya nyumba, akakaa kwenye kinu kilicholazwa, akakaa huko mpaka chai yake ikapoa.

Jumatano asubuhi ujumbe ukaingia kwenye simu yake. Ulitoka kwa wale wakaguzi. Kiswahili chake kilikuwa cha mtu aliyemeza kamusi bila kutafuna: "Habari baba wa msichana. Sisi ni usalama. Yeye anasema kifurushi ni mchezo wa baba. Tuma ushahidi wewe uliomba nini. Tuma leo."

Wakamwita Fidelis, jirani yao, mwalimu wa shule ya msingi. Fidelis alitoa shikamoo, akausoma ule ujumbe mara mbili. Akawaeleza kwamba huyo mtu Kiswahili hakijui. Simu ndiyo inayomgeuzia maneno, ya kwenda na ya kurudi. Ushauri wake ulikuwa waandike barua mpya kwa Kiingereza kilichonyooka, waeleze kwamba redio kwa mzee ni burudani tu, waweke na picha za makasha yake.

Modesti akatikisa kichwa.

"Mwalimu, anayeandika upya ana la kuficha," alisema. "Wameuliza niliomba nini. Maneno niliyomwandikia mwanangu ninayo humu, na tarehe yake. Wayasome wenyewe."

Fidelis akataka kubisha, lakini kengele ya shule ikalia. Akaaga, akasema atarudi saa ya mapumziko, wasifanye haraka.

Theresia alimtazama mumewe kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.

"Kwa hili umesema," alimwambia. "Kweli haitaki kiraka. Peleka, baba Anje. Mapumziko ni saa nne, na mtoto wangu kule hajalala."

Basi akavaa miwani, akapandisha ujumbe mmoja mmoja kwa kidole gumba, akapita salamu za Pasaka, akapita picha ya Anjelina amevaa koti la baridi, mpaka akaufikia ule wa mwezi wa pili. Akausoma polepole kutafuta kosa la tahajia. Hakuliona. Hakuongeza nukta, hakupunguza herufi. Akafanya ishara ya msalaba, akautuma kwa wale wakaguzi kama ulivyokuwa:

"Mwanangu Anjelina, salamu. Betri achana nazo, wasije wakakushtukia tena. Nitumie risasi tu, ile nyembamba, nusu kilo, na saa ya kutegesha. Nikishavipata, Jumapili watu wakitoka kanisani, Rutamba nzima itanisikia."