Mama Yi Haoni Mpinzani

Mvulana kutoka Gansu alikuwa ameinua kalamu, na kalamu haikushuka.

Katika chumba cha wazazi, nyuma ya jukwaa la mashindano ya kuandika herufi za Kichina, studioni mjini Beijing, watu walitulia tuli mbele ya televisheni. Wote isipokuwa Mama Yi, aliyekuwa akibangua mbegu za alizeti kwa meno.

"Huyo keshakwama," alisema. "Mwone anavyotoa macho! Kaambiwa aandike 'chafya'. Chafya tu, jamani!"

"Herufi zake ngumu hizo, Mama Yi," alisema baba wa mvulana, mtu mpole aliyevaa shati lililopauka. "Zina mistari mingi."

"Kuipiga anaweza, kuiandika hawezi. Pole, Baba Ding."

Kengele ya makosa ikalia. Kijana Ding akainamisha kichwa, akashuka jukwaani. Baba yake akatoka kwenda kumpokea. Mama Yi akatema maganda ndani ya kikombe cha karatasi.

Hakuna aliyesalimika mdomoni mwake siku hiyo. Msichana wa Shanghai alikuwa anaandika kama kuku anayechakura. Jaji mkuu, nywele zile si zake. Na walipoonyeshwa watu wazima ukumbini, ambao nao walitakiwa waandike 'chafya' na wengi wakashindwa, Mama Yi alicheka hadi akapaliwa.

"Watu na digrii zao! Wamezoea kubonyeza simu, simu inawachagulia herufi. Wanyang'anye simu uone kama wana tofauti na mbumbumbu."

"Kwani wewe ungeweza?" aliuliza mama mmoja kwenye kona, kwa kuchoka tu.

"Mimi? Unadhani Yi kafundishwa na nani?"

Yule mama akageukia tena televisheni.

Na kweli, Yi alifundishwa na mama yake. Tangu alipoingia darasa la kwanza kule Wuhu, kila asubuhi mama alifungua simu na kumsomea maneno, naye Yi akaandika huku uji wake ukipoa. Akikosea, aliandika tena mpaka ukurasa ujae. Wenzake wakienda kuogelea, yeye yuko mezani. Kwenye harusi ya mama yake mdogo alikaa pembeni na kamusi mapajani, akichungulia wacheza ngoma. Kidole chake cha kati kilikuwa na sugu kama cha seremala.

Hata leo, kabla ya kupanda jukwaani, alisema tumbo linamuuma.

"Tumbo halishiki kalamu," mama alimjibu, akimnyoosha ukosi. "Nenda. Na usiniaibishe mbele ya hawa watu wa mashamba."

Sasa walikuwa wamebaki wawili, Yi na msichana wa Shanghai. Msomaji akatamka neno la mwisho, jina la mnyama wa kale, mlafi ambaye hashibi. Msichana wa Shanghai aliandika haraka, akasita, akafunga macho. Kengele ikamlilia.

Yi aliandika polepole, mstari baada ya mstari, kama mtu anayepanga vikombe vya bibi yake. Alipoweka kalamu chini, jaji mkuu alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa kukubali. Karatasi za rangi zikamwagika kutoka darini.

Mama Yi hakukimbia. Alijipaka poda kwanza. Kisha akatembea hadi jukwaani, akamkumbatia binti yake kwa mkono mmoja, uso wake mwenyewe ukiangalia kamera.

"Mama Yi, tuambie siri," alisema mtangazaji, dada mchangamfu mwenye gauni la buluu.

"Siri gani? Ni nidhamu tu. Wazazi wa siku hizi wavivu. Mtoto atajuaje kuandika kama nyumbani hakuna anayejali? Nawahurumia wenzangu, lakini wajilaumu wenyewe."

Wenzake, waliokuwa wameshaletwa kukaa mstari wa mbele, walipiga makofi ya kinyonge. Baba Ding alikuwa amemshika mwanawe bega. Yi alitazama viatu vyake.

"Basi na sisi tuna zawadi," alisema mtangazaji. Meza ikaletwa, na juu yake karatasi nyekundu, wino na brashi. "Tutaining'iniza hapa kituoni kwetu. Jina la mshindi, kwa mkono wa mzazi aliyemlea. Herufi moja tu, mama!"

Ukumbi ukacheka, maana baada ya mnyama yule mlafi, herufi moja ilikuwa kazi ya kitoto. Mama Yi akacheka nao. Jina lile alilichagua mwenyewe akiwa mjamzito. Alilitafuta kwenye kamusi kubwa, akiyapita majina yenye herufi za mistari michache ambayo kila mtu huwapa wanawe.

Akachovya brashi. Upande wa kushoto wa herufi ulitoka vizuri, mnene na wa kujiamini. Halafu mkono ukasita. Tone la wino likaanguka pembeni. Akachora mstari, akaupitia juu na mwingine, akaongeza nukta, akaongeza nyingine kuipa ya kwanza mwenzake. Kisha akaweka brashi chini na kuitabasamia kamera.

Yi akaisogelea karatasi. Akaitazama kwa kuinamisha kichwa upande huu, kisha upande ule. Kipaza sauti kilikuwa bado kimebanwa kwenye nguo yake, kwa hiyo ukumbi mzima ulimsikia, na nchi nzima pamoja nao.

"Mama," akauliza, "huyu ni nani?"