Ua Kwenye Njia ya Bomba

Mtafiti wa mimea alipiga magoti mchangani, akaliona: ua la manjano la jamii ya alizeti, dogo kama kifungo cha shati. Kwa miaka ishirini hakuna aliyeliona tena jangwani humo.

Kama angeripoti, kazi ya kulaza bomba la maji safi kijijini kwao ingesimama mwaka mzima, hadi ipatikane njia nyingine.

Nyuma yake katapila lilikuwa likinguruma. Dereva alikuwa kaka yake wa tumbo moja, ambaye bintiye alikuwa amelazwa hospitalini. Maji ya chumvi ya kisima chao yalikuwa yamemharibu figo.

"Vipi, mdogo wangu?" kaka aliita kutoka juu. "Umeona kitu?"

Petali zilikuwa nane, moja imetafunwa na mdudu. Alipapasa mchanga pande zote akitafuta mche mwingine, hata mmoja tu. Hakuupata.

"Sema basi! Mtoto anatuishia hivi hivi."

Alitoa kibendera chekundu cha kusimamisha kazi. Akakikunja, akakisokomeza mfukoni, akainuka na kusogea kando.

"Hakuna kitu, kaka," alisema. "Pita."