Chupa Chini ya Ubao

Mpira mpya wa kupitishia maji ulikataa kuingia kwenye bomba lake. Ule wa zamani nilikuwa nimeshaukata, na tundu la kutolea maji ya sitahani lilikuwa wazi ubavuni mwa boti. Nasi tulikuwa ufuoni Mtongwe, na maji yaliyokupwa asubuhi yalikuwa yanarudi.

Nikasukuma, nikasokota, nikapaka sabuni. Mdomo wa bomba la shaba ukanichuna kidole gumba mpaka kikatoka damu.

"Tangu alfajiri hujafunga," mke wangu Mwanasaumu akasema.

Nikashtuka. Kumbe asema mpira.

"Huo wataka maji ya moto ulainike," akaendelea. "Na maji ya moto hapa tutayapata wapi, mchana wa Ramadhani?"

Msikiti mzima wajua kwamba sijala mchana wa Ramadhani tangu nizaliwe. Hata kunyonya nilikataa mpaka iadhiniwe magharibi. Hayo nimeyasema mwenyewe, tena jana nimeyarudia.

"Maji yaja, bwana."

Niliyaona. Yalikuwa yamebakisha vidole viwili kufika tunduni, na boti hii ndiyo kiinua mgongo changu chote cha miaka thelathini bandarini.

Nikaingiza mkono chini ya ubao wa kukalia, nikatoa chupa ya chai. Nilipofungua kizibo, mvuke ulipanda na harufu ya tangawizi ikajaa botini.

Mwanasaumu aliitazama chupa, akanitazama mimi, kisha akaushika mpira kwa mikono miwili na kuninyooshea ncha yake.

"Mimina yote, usibakishe hata funda," akasema. "Leo utafunga."